Nilimwahidi mtoto nitanyamaza. Sasa nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mwaka wa pili kazini, katika kata iliyo pembezoni mwa jiji. Nilipokuwa nikipita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wasiosoma, nilikutana na binti wa miaka 13 anayefanya kazi za ndani. Kabla hajasema lolote alinitaka niahidi kwamba sitamwambia mtu. Nikaahidi. Ndipo akaniambia aliacha shule akiwa darasa la tano, bibi yake kijijini anaumwa, na shilingi 40,000 anazolipwa kwa mwezi ndizo zinazowalisha wadogo zake wawili. Mama mwenye nyumba ninamfahamu, tunaimba naye kwaya moja, ni mama mwema na mkarimu, siku ya mvua aliwahi kunipa lifti mpaka nyumbani. Mtoto hapigwi na anakula vizuri. Nikiripoti nitakuwa nimevunja ahadi, wadogo zake watalala njaa na mama yule ataaibika mtaani. Nikinyamaza, sheria naijua inavyosema. Chuoni tulifundishwa kutafakari kazi zetu kwa maandishi. Nimeandika kurasa nne na bado sina jibu. Kutafakari kunasaidia nini hapa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujachukua hatua. Wengi huniandikia mambo yakishaharibika.

Kabla ya daftari na kabla ya vifungu vya sheria, kuna jambo moja. Unasema mtoto hapigwi. Hayo umeyajua kwa kumuuliza yeye mwenyewe, ndani ya nyumba ileile, huenda mama mwenye nyumba akiwa chumba cha pili. Rudi kesho, uombe utoke naye mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, umuulize tena mahali ambapo hakuna anayemsikia. Ukiona alama mwilini, ukisikia kuna mtu wa nyumba hiyo anayemsumbua usiku, au kimya chake kikakutia shaka, hapo hakuna tena cha kutafakari. Siku hiyohiyo mkuu wako wa kazi ajue, na mtoto afike dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 nayo ipo kwa ajili ya watoto. Kama hakuna dalili hizo, unazo siku chache za kuifanya kazi hii kwa utulivu. Nimesema siku, mwanangu, usizigeuze miezi.

Sasa nikuambie nilivyoisoma barua yako. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Mama mwenye nyumba umemweleza kwa wema wake, ukarimu wake, kwaya yenu, lifti ya siku ya mvua na aibu itakayompata. Ninaweza karibu kumwona. Mtoto umenipa umri wake, darasa aliloachia na mshahara wake. Sijui anaamka saa ngapi. Sijui analala wapi, anamaliza kuosha vyombo saa ngapi, mshahara anaushika mwenyewe au unatumwa moja kwa moja kwa simu, wala nani aliyemtoa kijijini akamleta mjini. Hujaandika, na ninahisi hujauliza. Sikulaumu. Binadamu humwona vizuri zaidi yule anayemfahamu. Ila jibu la swali lako la mwisho linaanzia hapo hapo: kutafakari kunakusaidia kugundua kwamba barua yako, iliyokusudiwa kumhusu mtoto, imeandikwa kutoka sebuleni kwa mwajiri wake.

Nadhani chuoni walikupa hatua sita za kutafakari za Graham Gibbs, zile za mwaka 1988: nini kilitokea, nilijisikiaje, kipi kilikwenda vizuri na kipi vibaya, na kuendelea mpaka mpango wa baadaye. Ni chombo kizuri. Shida ni kwamba wanafunzi wetu hukijaza kama fomu ya maombi, na sehemu inayorefuka kuliko zote huwa ile ya kujisikia. Sizidharau hisia. Hatia unayoisikia ni habari muhimu, inakuonyesha mahali unapobanwa. Lakini mtu anaweza kuandika kurasa nne za hatia yake na mtoto asibadilikiwe na chochote. Kabla ya Gibbs, mwaka 1983, Mmarekani Donald Schön alitenganisha tafakari ya aina mbili: ile unayofanya ukiwa bado ndani ya jambo, mikono ikiwa kazini, na ile unayofanya jambo likishapita. Wewe sasa hivi uko katika ile ya kwanza. Hiyo haihitaji kurasa nyingi. Inahitaji maswali makali machache, na miguu ya kwenda kutafuta majibu.

Mimi kwa miaka mingi nimetumia maswali matatu. Nimeona nini kwa macho yangu, na nini nimekisia? Nikiamua hivi, nani anapata nafuu: mtoto, mwajiri, ofisi, au mimi? Na nani hayumo kabisa katika ukurasa huu?

Swali la tatu nilifundishwa na ndoo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana kama wewe, nilimkuta mvulana wa miaka kama 11 akiuza mayai ya kuchemsha stendi saa za masomo. Alikuwa na ndoo ya bluu yenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa gunia. Nilimtafutia sare, nikazungumza na mwalimu mkuu, mtoto akarudi darasani. Nikaandika kwenye jalada kwamba shauri limekamilika, nikalifunga na kujisikia vizuri sana. Wiki tatu baadaye nilipita stendi ileile, nikaiona ile ndoo. Uzi uleule wa gunia. Safari hii iko kichwani kwa msichana wa miaka minane hivi, dada yake. Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, jambo nililolijua tangu siku ya kwanza na kuliandika kama maelezo ya familia, bila kujiuliza kesho asubuhi ndoo itabebwa na nani. Sheria nilikuwa nimeifuata, na mtoto mdogo zaidi alikuwa ameingia barabarani kwa sababu yangu.

Ndiyo maana hofu yako kuhusu wale wadogo wawili siipuuzi hata kidogo. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Lakini tazama ulivyoiweka: umeifanya sababu ya kunyamaza. Iweke upande wa pili, iwe orodha ya simu za kupiga.

Nije kwenye ahadi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Kosa lako, mwanangu, lilikuwa kuahidi. Kuvunja ni matokeo tu. Sote tunamsoma Felix Biestek, yule padri Mjesuiti wa Chicago, na kanuni zake saba za mwaka 1957 kuhusu uhusiano wetu na wale tunaowahudumia, na sote tunaikariri kanuni ya usiri. Tunachosahau ni kwamba Biestek mwenyewe hakusema usiri hauna mipaka. Tamko la kimataifa la maadili ya taaluma yetu lililopitishwa Dublin mwaka 2018 linasema wazi kwamba usiri unaheshimiwa isipokuwa pale penye hatari ya madhara au pale sheria inapozuia, na kwamba mtu unayemhudumia aelezwe mipaka hiyo. Aelezwe kabla hajafungua mdomo, maana baadaye ni kumtega. Siku nyingine mtoto akikuambia “niahidi kwanza”, mwambie hivi: “Mengi nitayatunza. Lakini ukiniambia jambo linalokuumiza, nitalazimika kutafuta mtu wa kutusaidia, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ni nani.” Watoto wengi bado watasema. Wachache watanyamaza siku hiyo, na utarudi siku nyingine.

Kwa huyu, ahadi imeshatoka. Basi mtangulie. Asije akajua kwa kumwona mwenyekiti wa mtaa mlangoni. Asikie kutoka kwako, kwa sauti yako, kwamba ulikosea kuahidi na kwa nini huwezi kuitunza ahadi hiyo. Kumwomba mtoto msamaha hakukupunguzii heshima. Huenda akakasirika, akalia, akakataa kukuangalia. Kaa naye hasira ile ipite. Nimewahi kuona watoto wakisamehe kuvunjiwa ahadi, ila kuzungukwa kwa siri sijaona wakisahau.

Kuhusu sheria, unasema unaijua, lakini nadhani unaiona kama mlango mmoja wenye polisi nyuma yake. Isome tena. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 77, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi nyepesi maana yake ni ile isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kwenda shule. Binti huyu ana miaka 13 na hasomi. Amekosa vyote viwili, kwa hiyo maneno ya mtaani kwamba “anasaidia tu nyumbani” hayamwokoi mwajiri. Halafu nenda kifungu cha 95. Kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Na kwenye mamlaka hiyo anayeipokea taarifa ni nani? Ni afisa ustawi wa jamii. Ni ninyi. Kifungu hicho kinampa afisa nafasi ya kumwita anayelalamikiwa, kuzungumza naye na kufanya uamuzi kwa maslahi bora ya mtoto, na anayekaidi ndiye anayepelekwa mahakamani. Kwa hiyo kati ya kunyamaza na kumfikisha mama yule polisi akiwa na pingu kuna uwanja mpana, na sheria yenyewe ndiyo iliyouweka. Umekuwa ukijitesa kwa kuchagua kati ya ncha mbili wakati kazi yako iko katikati.

Lakini katikati hapo usisimame peke yako. Mwanakwaya mwenzako hawezi kuwa mtu unayemchunguza. Hata ukijitahidi kuwa wa haki, ukimpa muda wa ziada utasema ni huruma, ukimbana sana utakuwa unajithibitishia kwamba hukupendelea. Mwambie mkuu wako kwa maneno ya wazi: huyu mama ninamfahamu, aliwahi kunifanyia wema, naomba mwenzangu aongoze mazungumzo naye. Hilo lisiwe neno la kunong’onezana koridoni, liingie kwenye jalada. Wewe baki na mtoto. Mama akija kukuuliza baada ya mazoezi ya kwaya kwa nini hukumwambia kwanza kama rafiki, mjibu kwamba kama rafiki unamheshimu na kwa sababu hiyo hukutaka kuwa mwamuzi wake. Anaweza asielewe. Huenda kiti cha pembeni yako kikawa kitupu kwa majuma kadhaa. Hilo ni gharama halisi na sitakuambia ni dogo.

Kabla mtoto hajatoka katika nyumba ile, simu zipigwe. Mtafuteni afisa ustawi wa halmashauri ya bibi, aende akaone kwa macho: bibi anaumwa nini, wadogo wako shuleni au la, chakula kipo cha siku ngapi. Kaya hiyo iulizwe kama imo katika mpango wowote wa kusaidia kaya maskini kupitia TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na kama haimo, kwa nini. Bibi akiwa na miaka 60 au zaidi na hana uwezo, sera inampa matibabu bila malipo, na mara nyingi kinachokwamisha ni kitambulisho ambacho hakuna aliyemsaidia kukifuatilia. Kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ngazi ya kijiji na kata, zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili uliozinduliwa Desemba 2016. Nyingine ziko hai, nyingine zimebaki majina kwenye faili, na ni lazima ujue ya kwao iko kundi gani kabla ya kuitegemea. Shule ya msingi haina ada, lakini daftari, sare na chakula cha mchana havijitokezi vyenyewe. Akiwa amepitwa sana na wenzake, muulizeni mwalimu kuhusu madarasa ya MEMKWA, ambayo yapo kwa ajili ya watoto waliokosa shule kama yeye. Na msimwache mtoto aondoke mikono mitupu akiwa amefanya kazi. Kama kuna mshahara ambao haujalipwa, ulipwe, na nauli ya mtoto iwemo katika mazungumzo.

Mtoto mwenyewe anataka nini? Kifungu cha 11 cha sheria ileile kinampa haki ya kutoa maoni yake. Wengi wetu tunatimiza haki hiyo kwa kumuuliza swali moja, “Unataka kurudi nyumbani?”, mbele ya watu wazima watano. Atajibu ndiyo, au atatazama chini. Muulize vingine. Muulize darasa la tano alikuwa anapenda somo gani. Muulize kama wadogo zake wangekuwa wanakula, yeye angependa kuwa wapi saa mbili asubuhi. Huenda ukagundua kwamba alichokuwa anakilinda kwa ile ahadi hakikuwa kazi yenyewe. Alikuwa anailinda ile 40,000. Na huenda akakuambia kwamba kijijini hataki kurudi, kwa sababu ambayo hujaifikiria, na hapo mtalazimika kutafuta ndugu mwingine au familia ya kuaminika. Maoni yake hayaamui peke yake, ana miaka 13, mzigo wa kuamua ni wenu. Lakini uamuzi mtakaoufanya bila kuyasikia utakuwa unamhusu mtoto mwingine mliyemtunga.

Najua kuna wenzetu wenye uzoefu watakaokuambia mwache tu, amebakiza miezi afikishe 14, pale anakula, kijijini kuna njaa, usiamshe yaliyolala. Siwadharau. Wameona watoto waliookolewa wakaishia pabaya zaidi, kama nilivyoona ile ndoo. Lakini sikubaliani nao. Kwanza, akifika 14 bado atakuwa hasomi, na kazi inayomzuia kusoma haiwi nyepesi kwa sababu ya siku ya kuzaliwa. Pili, wema wa mama yule, hata ukiwa wa kweli wote, hauna anayeuangalia. Mtoto anauishi kwa bahati. Akija shemeji kukaa pale miezi mitatu, akipata mama yule shida ya fedha, mtoto hana wa kumwambia, kwa sababu wewe uliyekuwa njia yake ya kutokea umeahidi kunyamaza. Ninachokubaliana nao ni kwamba kumbeba kesho asubuhi bila maandalizi nako ni kumdhuru.

Ikitokea mkuu wako akakuambia uachane nalo, kwamba huyo mama ni mtu wa watu, usibishane kwa hasira. Andika kwenye jalada ulichokiona, tarehe, ulichoshauri na ulichojibiwa, kisha omba lifike kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Sijawahi kujuta kwa kuandika. Nimejuta mara kadhaa kwa kutokuandika.

Nikurudishe kwenye daftari lako. Endelea nalo, lakini lirekebishe. Usiandike jina la mtoto, la mtaa wala la mwajiri, na lifungie kwenye droo, kwa sababu daftari la tafakari likipotea kwenye daladala ni siri za watu zimepotea. Kwa sababu hiyohiyo, shauri hili lisiguse kundi la WhatsApp la idara, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Nimeona picha za watoto zikizunguka humo mpaka zikafika kwa jirani zao. Halafu tafuta mtu mmoja wa kumsomea. Kama idara yenu haina utaratibu wa usimamizi wa kitaalamu, na nyingi hazina, kubalianeni wewe na mwenzako wa kata jirani mkutane kila baada ya wiki mbili, saa moja tu, kila mmoja alete shauri moja lililomkwama. Kazi ya msikilizaji haitakuwa kukufariji. Atakuuliza: hapa umeona au umekisia? Mtoto yuko wapi katika sentensi hii? Peke yako hutajiuliza hivyo. Mimi nilihitaji wenzangu miaka yote thelathini, na penseli niliyoitumia kwenye barua yako niliipata kwao.

Na shauri hili likiisha, hata likiisha vizuri, kuna kitu kitabaki kinauma. Pengine mtoto atakuwa darasani na bado hataki kukusalimia. Pengine bibi atapata dawa na wadogo watapungukiwa mlo. Katika kazi yetu kuna chaguzi ambazo hata ukichagua lililo bora, ulichokiacha bado kilikuwa na thamani. Usiharakishe kujiambia hakuna kilichopotea. Hapo ndipo tafakari ya aina ya pili ina nafasi yake: rudi baada ya miezi mitatu, nenda shuleni kwake au piga simu kijijini, uone ndoo imebebwa na nani. Usilifunge jalada kabla ya safari hiyo.

Kwa kesho, ukiwa naye pale ofisi ya mtaa, mpe maji kwanza, kaa usawa wake, na useme takriban hivi: “Mwanangu, wiki iliyopita nilikuahidi jambo ambalo sikupaswa kuahidi. Nilikosea, na nakuomba radhi. Siwezi kulinyamazia hili, kwa sababu unatakiwa uwe shuleni, na kwa sababu wadogo zako wanatakiwa wale bila wewe kuwafanyia kazi. Sijamwambia mtu bado. Nataka tupange pamoja nani aambiwe kwanza, na tuanze na mambo ya bibi.” Kisha nyamaza. Akishaongea, muulize yale ambayo hayakuwemo kwenye barua yako, na jioni uandike ukurasa wa tano. Uanze na saa anayoamka.